Mkate Aliokatazwa Hamira

Kwenye nyumba yetu ya vyumba sita, yenye ua mmoja na bomba moja la maji, hakuna aliyemwita kwa jina la kwenye kitambulisho. Wote tulimwita Hamira. Jina hilo alilitoa kazini, na si kwa sababu ya kazi tu. Ukimchokoza asubuhi, kufikia adhuhuri ameshaumuka na kufurika bakuli. Alikuwa mfupi, mpana wa mabega, na mikono yake ilijaa kama ya mbeba magunia.

Miaka kumi na tisa alikanda unga katika kiwanda cha mikate. Walikuwa wanawake saba kwenye meza ndefu ya chuma. Mashine ilichanganya, wao wakakata, wakakanda, wakaviringa, wakapanga kwenye mikebe ya kuokea. Hamira alikata donge kwa kukadiria tu, na msimamizi alipolitupa kwenye mizani ili amkamate, mizani ilimwaibisha msimamizi.

Mwisho wa ukumbi ule kulikuwa na chumba kidogo chenye mlango wa mbao na kidirisha cha kioo. Kila Alhamisi mwokaji mkuu aliingia humo, akajifungia, akatengeneza mkate wa Kitaliano kwa ajili ya hoteli moja kubwa. Wanawake walimwita Profesa, kwa kuwa alivaa miwani na hakupenda kuulizwa maswali. Mkate wenyewe ulikuwa bapa, unene wa vidole viwili, umelowa mafuta ya zeituni, juu umenyunyizwa chumvi ya mawe na majani ya rozimari. Harufu yake ilipita chini ya mlango ikawakuta wale saba kwenye meza yao, ikawanyamazisha.

Hawakuruhusiwa kuugusa. Mwaka wake wa nne pale Hamira aliomba afundishwe, na Profesa akamjibu bila hata kumtazama kwamba mikono yao ilikuwa imezoea mkate wa kawaida, na mkate ule ulihitaji mikono mingine. Walichoruhusiwa ni kuosha treyi zake.

Basi Hamira akasoma kwa kuosha. Kutokana na treyi alijua mafuta yalimiminwa kabla ya unga, si baada yake tu. Alijua kutokana na utelezi uliobaki kwenye ndoo kwamba unga ule ulikuwa mwepesi mno, karibu na uji, na kwamba haukukandwa kabisa. Kupitia kidirisha, akipita na ufagio, aliona Profesa akiuchota pembeni na kuukunjia katikati, kisha akiufunika, kisha akikaa kusoma gazeti. Mwishowe aliona vidole kumi vikizama ndani ya unga mpaka chini ya treyi, kama mtu anayepiga kinanda. Hayo yote alikaa nayo kifuani miaka kumi na mitano.

Kilichomtoa kiwandani ni kiharusi. Ilikuwa Jumanne, saa nne asubuhi. Alikuwa na donge mkononi, na mkono wa kulia ukaliachia. Akataka kumwambia mwenzake ampe unga wa kunyunyiza mezani, lakini maneno yakatoka upande. Wenzake wakacheka, maana Hamira alikuwa mtu wa mizaha, mpaka mmoja alipouona mdomo wake. Alilazwa wiki tatu. Mdomo ukarudi mahali pake, mguu ukarudi kwa msaada wa fimbo. Mkono haukurudi. Ulining'inia ubavuni kama mkono wa koti lililotundikwa.

Kiwanda kilimpa cheti cha shukrani na saa ya ukutani. Bintiye, ambaye ni fundi cherehani na anaishi naye, alitaka kuitundika. Hamira akamwambia aitie kabatini, kwa kuwa hakuwa na haja ya kukumbushwa kila dakika kwamba amefukuzwa.

Mwezi wa pili baada ya kutoka hospitalini akaja kaka yake. Ni mwalimu mkuu mstaafu, mtu mwema kabisa, ila amepiga kengele maisha yake yote na anadhani watu bado wataingia darasani akiipiga. Alikuwa ameshapanga kila kitu. Dada angehamia kwake, apewe chumba cha nyuma, wifi yake angemwangalia. Tanuri la gesi la rafu mbili, ambalo Hamira alilinunua shule moja ilipofungwa na alilolipenda kuliko kitanda chake, lingeuzwa au lingekwenda kwa mtu mwenye mikono miwili. Hilo la mikono miwili alilisema mwenyewe, kwa sauti ya upole, na nadhani alilijutia neno likiwa bado mdomoni.

Siku ya pili alikuja na gari la mizigo na wabebaji wawili. Sisi wapangaji tulikuwa uani, kila mmoja amejitafutia kazi ya kumfanya abaki karibu. Walipofika jikoni walimkuta Hamira amekaa kwenye kiti katikati ya mlango, fimbo ameilaza magotini.

Kaka alimsihi kwa muda mrefu. Alimkumbusha wazazi wao, akamkumbusha kwamba yeye ndiye mkubwa, akamweleza kuhusu daktari aliye karibu na kwake. Hamira alimsikiliza mpaka mwisho, kisha akasema hatoki, na tanuri halitoki.

"Asiyesikia la mkuu huvunjika guu," kaka akasema.

"Guu limeshavunjika, kaka. Sasa unanitisha na nini?"

Mbebaji mmoja akageuka ukutani, mabega yakamtikisika. Kaka akavaa kofia yake. Akaondoka na gari tupu, akasema hatarudi mpaka aitwe. Hamira akabaki mlangoni mpaka mlio wa gari ulipopotea, ndipo akamwomba bintiye amsaidie kuinuka, kwa kuwa mguu ulikuwa umekufa ganzi kitambo na hakutaka kaka yake aone.

Hospitalini alikuwa akienda kwa bwana wa mazoezi ya viungo, kijana mtaratibu aliyezoea kusema na wagonjwa kama anasema na watoto. Alimpa tonge la udongo laini wa rangi ya buluu, akamwambia alibonyeze kwa vidole vya mkono wa kulia mara hamsini kila siku. Hamira akaliangalia lile tonge. Akamuuliza kama unga ungefaa. Bwana wa mazoezi akafikiri, akasema chochote laini kinafaa, muhimu vidole vipate kazi.

Kwenye njia ya kutoka kliniki kulikuwa na ua wa rozimari uliokatwa vizuri, unaozunguka maegesho. Hamira akavunja vijiti vitatu. Mtunza bustani akamwona, akauliza anafanya nini. Akamjibu kwamba ni dawa, ameandikiwa na daktari. Kijiti kimoja alikichomeka kwenye kopo la rangi lililojaa udongo, na kikashika.

Ndipo akaanza kuutengeneza ule mkate aliokatazwa. Alikuwa ameshajua jambo moja ambalo watu wote waliomhurumia hawakulijua: unga mgumu unahitaji mikono miwili na mgongo, lakini ule wa Profesa haukukandwa. Ulihitaji maji mengi, subira, na mkono mmoja wa kuukunja.

Bintiye alipouona kwenye bakuli alidhani mama amekosea vipimo.

"Mama, maji yamezidi unga."

"Ndivyo unga huu unavyotaka. Tulia."

Haukutulia huo mkate wenyewe. Wa kwanza ulitoka mgumu kiasi kwamba jirani wa chumba cha tatu aliuweka chini ya mlango wake usipigwe na upepo. Wa pili uliungua chini ukabaki mbichi juu. Wa tatu ulikuwa na chumvi ya kuhifadhia nyama. Kila mara Hamira aliukunja kwa mkono wa kushoto, mkono ulioloweshwa maji ili usinate, akisubiri nusu saa, akakunja tena, mara nne. Kisha aliumimina kwenye treyi yenye mafuta, akaacha uumuke, na hapo ndipo alipouinua mkono wa kulia kwa kuushika kifundo kwa ule wa kushoto, akauweka juu ya unga, akauamrisha. Kidole cha shahada kilizama kidogo. Vingine vililala tu. Alihesabu hamsini, jasho likimtoka kama mtu anayesukuma gari.

Wiki ya tano ndiyo mambo yalipoharibika. Alikuwa peke yake, akatoa treyi kwenye tanuri kwa mkono wa kushoto, na ule wa kulia, ambao hakuwa na habari nao, ukaegemea mlango wa moto. Hakusikia maumivu. Alisikia harufu. Alipotazama, ngozi ya nyuma ya kiganja ilikuwa imeshabadilika rangi.

Bintiye alirudi akamkuta amefunga mkono kwa kitambaa, anakula mkate. Alifungua kile kichwa cha mtungi wa gesi kinachounganisha mpira, akakitia kwenye mkoba wake, na kesho yake akaenda nacho kazini. Kesho kutwa pia. Usiku alilala na mkoba kichwani.

Sisi tulifikiri hapo ndipo pamefika mwisho. Kwa kweli wengi wetu tulikuwa upande wa binti. Mtu asiyejua mkono wake umeungua ana biashara gani na moto? Hata mimi nilimwambia Hamira hivyo, kwa maneno laini zaidi, na akaacha kuitikia salamu yangu siku nne.

Siku ya tano alichanganya unga kama kawaida. Akaukunja mara nne. Akafunika bakuli kwa kitambaa, akalifunga kwa kanga begani, akashika fimbo, akatoka. Kutoka kwetu hadi duka la cherehani la bintiye ni mwendo wa robo saa kwa mtu mwenye afya. Yeye alitumia saa nzima na zaidi, kwenye jua, akipumzika kwenye kila ukingo wa ukuta. Alipoingia dukani, bintiye alikuwa anakata gauni la mteja, na mteja mwenyewe amesimama pale. Hamira akateremsha bakuli, akaliweka juu ya meza ya kukatia, katikati ya chaki na pini. Joto la njiani lilikuwa limeufanya unga uumuke mpaka umekisukuma kitambaa juu.

"Nirudishie kichwa cha mtungi wangu," akasema.

Bintiye aliweka mkasi chini. Mteja akajifanya anasoma bei za vifungo.

"Mama, uliungua hukujua."

"Nilijua. Nilijua kwa pua."

"Na siku pua ikiwa na mafua?"

Hamira akavuta kiti, akakaa. Alimweleza bintiye, kwa sauti ya chini, kwamba haogopi kuungua. Anachokiogopa ni kukaa kwenye kiti cha chumba cha nyuma, kwa mtu mwema, akiletewa chai na kuambiwa pole mpaka afe. Pole alikuwa amezisikia za kumtosha. Hakuna hata moja iliyomwomba afanye kitu.

Bintiye alilia kidogo, akapangusa macho kwa kipande cha bitana. Kisha akachukua futi ya kitambaa, akaupima mkono wa mama yake kutoka ncha za vidole hadi juu ya kiwiko, kama anavyompima mteja yeyote. Kutokana na mabaki ya blanketi na turubai alishona glovu ndefu ya tabaka tatu, yenye utepe wa kufungia begani. Masharti yake yalikuwa mawili: glovu ivaliwe kabla tanuri halijawashwa, na treyi iingizwe na kutolewa na mtu mwingine. Hamira alikubali la kwanza palepale. La pili alilibishia hadi jioni, akashindwa, na ndiyo sababu mimi nikawa mtoa treyi wake wa siku za Jumamosi. Wakarudi nyumbani pamoja, bakuli amelibeba binti, kichwa cha mtungi amekishika mama.

Mkate ule ndio uliofaulu. Labda ni ule mwendo mrefu kwenye jua, labda ni bahati. Ulitoka wa dhahabu, pembeni unavunjika kama biskuti, ndani laini, umejaa vijumba vya hewa, mafuta yametuama kwenye vishimo pamoja na chumvi na rozimari, na vipande vya kitunguu saumu ambavyo Profesa hakuwahi kuvitia. Tuliula ukiwa wa moto, tumesimama uani. Jirani wa chumba cha tatu alikwenda kimya kimya kutoa ule wa zamani chini ya mlango.

Habari hazifungiwi kabatini. Baada ya miezi michache watu wa mtaa wa pili walikuwa wakija Jumamosi na sahani zao, na mmojawao alikuwa dereva wa kiwanda cha mikate. Jumamosi iliyofuata, adhuhuri, Profesa mwenyewe alisimama kwenye lango letu, amevaa shati la kazini.

Tulidhani amekuja kugomba. Hamira alidhani hivyo pia, maana alivuta pumzi na kujinyoosha. Lakini Profesa alimpa pole ya ugonjwa, akasita, akaomba auone mkate. Treyi ilikuwa ndiyo kwanza imetoka. Akavua miwani, akaifuta, akaivaa tena, akainama juu ya mkate kama mganga juu ya mgonjwa.

"Nani alikufundisha?"

"Treyi zako. Nimeziosha miaka kumi na tisa."

Profesa akapitisha kidole juu ya vishimo bila kuvigusa. "Matundu hayalingani," akasema. "Upande huu yamefika chini, upande huu ni kama kuku amedonoa."

"Ya chini ni ya mkono wa kushoto," Hamira akasema. "Hayo ya kuku ni ya kulia. Miezi minane iliyopita ya kulia hayakuwepo kabisa."

Nikamkatia Profesa kipande, akala taratibu, akiwa amesimama. Alipomaliza alisema chumvi imezidi kidogo. Hamira akamjibu kwamba hata ya kwake ilizidi, ila yeye alikuwa na mlango wa kujifungia. Profesa akacheka. Kwa miaka yote ile, aliniambia Hamira baadaye, hakuwahi kumwona meno.

Hamira hakuishia hapo. Wale wanawake sita waliobaki kwenye meza ya kukandia aliwaita waje nyumbani Jumapili, akawafundisha yote, kuanzia maji hadi vidole. Msimamizi alipata habari akawaonya kwamba mkate wa hoteli si wa kuchezewa majumbani. Jumapili iliyofuata walikuja tena, na mmoja akamleta na dada yake. Mwaka ulipogeuka Profesa alistaafu, na kiwanda kikagundua hakuna mtu ndani ya jengo anayeweza kuutengeneza ule mkate isipokuwa wale sita. Ikabidi chumba kile wapewe. Msimamizi alimtumia Hamira ujumbe kwamba wangefurahi aje siku moja kutoa mafunzo rasmi. Alijibu kwamba mafunzo yanatolewa Jumapili, uani kwetu, na msimamizi naye anakaribishwa, aje na bakuli lake.

Kaka naye alikuja, ingawa hakuitwa. Ilikuwa Jumamosi, na alisingizia kwamba alikuwa anapita tu, mtu anayeishi upande wa pili wa mji. Hamira alimsalimu shikamoo kwa heshima zote, akampa kiti na sahani. Hakuna aliyemtaja wifi, wala chumba cha nyuma, wala gari. Kaka alikula vipande vinne. Alipoaga aliomba cha tano cha kumpelekea mkewe, kwa kuwa, alisema, asingeamini kwa maneno matupu. Hamira akamfungia treyi nzima.

Nisije nikadanganya kwamba mkono umepona. Hawezi kufunga kifungo cha blauzi, na siku za baridi vidole vinajikunja kama majani makavu, inabidi avifungue kimoja kimoja. Zipo Jumamosi anazoupiga ule mkono kofi kwa hasira. Mwaka na nusu baada ya ugonjwa, bwana wa mazoezi alimweleza kwa upole kwamba kilichorudi ndicho hicho. Baada ya muda ule, alisema, kwa kawaida hakiongezeki kingine. Akamshukuru kwa juhudi zake, akaandika neno la mwisho kwenye kadi, akaifunga.

Mwezi uliofuata, tarehe ileile aliyozoea, Hamira alivaa, akachukua fimbo, akaenda kliniki, akakaa kwenye foleni pamoja na wenye miadi. Zamu ilipofika bwana wa mazoezi alimwuliza amekuja kufanya nini, maana kadi yake imefungwa. Hamira aliuweka mkono wa kulia juu ya meza yake, juu ya makaratasi, kiganja chini, akautazama kama alivyozoea kuutazama juu ya unga. Kidole kidogo cha mwisho, ambacho hakikuwahi kutikisika tangu ile Jumanne, kikainuka, kikabonyeza, kikainuka tena.

Bwana wa mazoezi alivuta droo, akatoa kadi mpya.